Samaki na nyama ya friza kwenye begi la ndege: maswali mnayoniuliza kabla ya safari

Ndugu zetu wakija likizo toka Ulaya, Marekani au Uarabuni, siku ya mwisho kabla ya kurudi ni ya sokoni, Feri pale Dar, Darajani Unguja, Mwaloni kule Mwanza, mtu anataka nguru wake, pweza, sato, na mbuzi wa kwao, vyote vinaingia friza alafu vinaingia begi. Siwalaumu kabisa. Ila maswali ninayoyapata yanaonyesha watu wanaogopa visivyo na neno, na vile vyenye hatari yenyewe wanavipita tu.

Swali: Samaki wangu amekaa friza siku tatu, amekuwa jiwe. Si vijidudu vyote vimeshakufa?

Hapana, na hapa ndo wengi wanapotea. Baridi ya friza, nyuzi hasi 18, haiui bakteria, inawasimamisha tu, wakipata joto wanaendelea pale pale walipoishia. Wanaokufa kwa kugandishwa ni minyoo, na hata hiyo minyoo ya samaki wa baharini inataka hasi 20 kwa siku 7 mfululizo, sasa friza la nyumbani linalofunguliwa kila saa na umeme wa kukatika sijui kama linafika huko. Kwa hiyo kama samaki alishinda juani kabla hujamnunua, friza haikumsafisha, imemtunza na ubovu wake. Nunua asubuhi, beba na barafu tangu sokoni, toa matumbo siku hiyo hiyo, osha, gandisha vipande vyembamba vyembamba manake bonge kubwa linachelewa kuganda katikati.

Swali: Ndege ikiwa juu kule nje ni baridi kali, si huko tumboni kwenye mizigo anazidi kuganda?

Baridi iko nje, ndani sehemu ya mizigo inajazwa hewa kama kule mnakokaa nyie, sio friza. Na shida kubwa haiko angani, iko chini. Hesabu tangu ulipotoa samaki nyumbani: foleni ya barabarani, masaa matatu ya kusubiri uwanjani, mizigo iko juani kwenye lami, mnashuka Doha au Dubai kuunganisha mwezi wa saba joto limevuka 40, mnapanda tena, mkanda wa mizigo, forodha, treni mpaka nyumbani. Dar mpaka London kwa ndege ya kuunganisha, mlango kwa mlango masaa 20 ni kawaida. Na begi likichelewa likaletwa kesho kutwa jamani usilifungue kutafuta cha kuokoa, vyote ni vya kutupa.

Swali: Nikifika nimkute amelainika nje ila katikati bado mgumu, nirudishe friza au nimtupe?

Kama bado ana chembe za barafu, au kipimajoto kinasoma nyuzi 5 kushuka chini, rudisha, utapoteza utamu kidogo lakini hutaugua. Kama amelegea wote na amekaa kwenye joto zaidi ya masaa mawili, tupa, na kama hewa ilikuwa juu ya nyuzi 32 hesabu saa moja tu sio mawili. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndo bakteria wanazaliana kwa kasi. Pua na macho havitoshi hapa, samaki anaweza asinuke kitu akakulaza hospitali.

Nunua kipimajoto cha jikoni, ni bei ndogo kuliko hata kilo ya kamba.

Swali: Lakini nikimkaanga mpaka akauke si sumu yote inaisha?

Hili ndo swali ninalotaka kila mtu alisome. Bakteria watakufa, ila sumu walizokwisha kuziacha zingine haziondoki kwa moto. Chukua jodari, vibua, nguru, samaki wa jamii hiyo: nyama yao ina kitu ambacho bakteria wakipata joto wanakigeuza kuwa histamini, na histamini ikishatengenezwa hakuna kinachoiondoa, sio kukaanga, sio kuchemsha, sio kurudisha friza, sio ndimu. Mtu anakula, dakika chache mpaka saa moja hivi uso unawaka mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, mwili unawasha, midomo inachoma, wengine wanahara. Wengi wanasema "nina aleji ya samaki" na hawali tena maisha yao yote, kumbe samaki hana kosa, kosa ni yale masaa alokaa kwenye joto. Mara nyingi inaisha ndani ya siku moja na dawa za aleji zinasaidia, ila kifua kikibana au pumzi ikikata ni hospitali hapo hapo. Ukisikia jodari ana kaladha ya pilipili wakati hamna aliyeweka pilipili, mteme, na waambie na wenzako mezani waache kula.

Kwa hiyo kama lazima uchague, changu au sato anavumilia makosa ya safari kuliko jodari. Mimi jodari ningemuacha.

Swali: Basi nimfunge vipi?

Gandisha angalau siku mbili kamili. Boksi gumu la kuhifadhi baridi, au yale maboksi meupe mepesi ya samaki, ndani ya begi lenye maganda magumu, na ulijaze mpaka juu, manake nafasi tupu ndo inayoyeyusha. Ni kanuni ile ile ya friza la nyumbani umeme ukikatika: lililojaa linashika baridi kama masaa 48 usipolifungua, lililo nusu ni kama 24 tu. Pakiti za jeli zilizoganda weka chini, pembeni na juu. Mfuko wa nje uwe haupitishi maji hata kidogo, maji ya samaki yakivuja kwenye mabegi ya watu wengine ni karaha na ni afya yao pia, na usichanganye na mboga au vitu vinavyoliwa bila kupikwa. Toa friza dakika ya mwisho kabisa, sio usiku wa kuamkia.

Mifuko ya kunyonya hewa ni mizuri kwa safari, ila ukifika toboa au fungua mfuko kabla ya kuyeyusha samaki kwenye friji, kuna bakteria mbaya sana wa sumu inayopoozesha mwili anayependa pale pasipo na hewa, na samaki ndo mahali pake.

Swali: Barafu kavu inafaa?

Inafaa kuliko zote, ni gesi ya kaboni iliyogandishwa, iko nyuzi hasi 78, haiachi maji. Lakini sheria za ndege ni kilo 2.5 kwa abiria, lazima shirika likubali kabla, boksi liandikwe na liweze kutoa hewa. Usilifunge kwa gundi pande zote, inageuka gesi na boksi linaweza kupasuka, na hiyo gesi kwenye gari lililofungwa vioo inakata pumzi. Usiishike kwa mkono mtupu, inaunguza.

Swali: Kwanini samaki wanapita na nyama yangu ya mbuzi inatupwa? Ni safi, nimechinja mwenyewe!

Najua inauma. Hawaogopi wewe utaugua, wanaogopa mifugo yao. Homa ya miguu na midomo kwetu iko siku zote, na virusi vyake vinaweza kusafiri ndani ya nyama. Uingereza mwaka 2001 iliwapata hivyo, uchunguzi ulielekea kwenye mabaki ya chakula waliyolishwa nguruwe bila kuchemshwa, na kabla haijazimwa waliuawa wanyama zaidi ya milioni 6. Homa ya nguruwe ya Afrika nayo ilivuka toka bara letu ikaingia Georgia 2007, ikaenda mpaka China 2018, haimdhuru mtu lakini imemaliza nguruwe wa wakulima wasiohesabika, na virusi vyake kwenye nyama ya friza vinakaa miezi na miezi.

Ndo maana Umoja wa Ulaya na Uingereza hawataki nyama wala maziwa kutoka huku, hata ikipikwa, hata ikikaushwa, hata kipande. Samaki Ulaya wanaruhusu mpaka kilo 20 kwa mtu, akiwa mbichi awe ametolewa matumbo. Marekani samaki wa kula mwenyewe kwa kawaida wanapita, nyama ya huku hapana. Angalia tovuti ya nchi unayokwenda wiki ile ya safari, sheria hizi zinabadilika.

Swali: Nikiificha katikati ya nguo?

Mbwa wanainusa. Na tofauti ni hii, ukisema una nyama wanaichukua na unaenda zako, ukificha wakaikuta unapigwa faini, tena unabaki kwenye kumbukumbu zao.

Swali: Na nyamapori, au kasa? Babu kaagiza.

Mwambieni babu hapana. Nyamapori inaweza kubeba ebola, kimeta na mengine, na ni kesi huku na huko. Kasa ni mnyama anayelindwa, na zaidi ya hapo nyama yake inaua: Pemba 2021 walikufa watu 7, na Machi 2024 kisiwa cha Panza, huko huko Pemba, walikufa watoto 8 na mtu mzima mmoja baada ya kula kasa. Samaki bunju, yule anayejivimbisha, vile vile, sumu yake haitoki kwa moto wala kwa barafu.

Swali: Shikamoo mama, niko Muscat, nina mimba ya miezi mitano na dada ananiletea pweza na kamba wa Unguja. Nile?

Marahaba mwanangu. Kula, samaki ni mzuri kwako na kwa mtoto, ila kwako masharti yanakaza. Kuna bakteria anaitwa listeria anayeendelea kukua hata ndani ya friji na anaweza kuharibu mimba, kwa hiyo kila kitu kipikwe mpaka katikati kifike nyuzi 70, usile kamba wa nusu nusu wala saladi ya pweza iliyolala. Papa na nduwaro waache kwa sasa, wana zebaki nyingi. Na ukiona mzigo umefika umelegea usione haya kwa dada, mwambie tu asante alafu umwage. Ukipata homa au kuharisha baada ya kula, nenda kliniki siku hiyo hiyo na uwaambie ulikula nini na kilisafiri vipi.