"Wewe si Unabonyeza Tu?" Dhana Potofu Kuhusu Maabara Isiyo na Hadubini

Nasomea bioinformatiki, yaani kuchunguza jeni na data nyingine za viumbe kwa kompyuta, lakini mama mdogo hadi leo anawaambia majirani kwamba nasomea kutengeneza kompyuta, na kila nikirudi nyumbani nakuta simu ya mtu iliyogoma kuwaka inanisubiri mezani. Simlaumu. Hata wanafunzi wanaokuja kwetu kufanya utafiti wa mwaka wa mwisho huingia wakitafuta hadubini na makoti meupe, wakakuta feni, nyaya zilizopishana sakafuni na watu wanne waliokodolea macho skrini nyeusi. Maneno wanayokuja nayo ni yale yale.

"Hii siyo baiolojia, ni IT."

Chukua malaria. Jenomu, yaani maandishi yote ya DNA, ya kimelea chake *Plasmodium falciparum*, iliyochapishwa mwaka 2002, ina herufi karibu milioni 23 katika kromosomu 14, na kama asilimia 80 ya herufi hizo ni mbili tu kati ya nne za DNA: A na T. Vipande vifupi vinavyotoka kwenye mashine ya kusoma DNA hufanana kama mapacha, na programu huhangaika kujua kipi kikae wapi. Hilo ni la kompyuta, sawa. Lakini siku mwanafunzi akikuta herufi mbili, A na G, mahali pamoja ndani ya sampuli moja, kompyuta haina la kumwambia. Kwa binadamu angesema moja imetoka kwa baba, nyingine kwa mama. Kimelea kikiwa ndani ya damu yetu kina nakala moja tu ya kila kromosomu, kwa hiyo mara nyingi maana yake ni kwamba mgonjwa amebeba vimelea vya nasaba mbili tofauti kwa mpigo. Programu nyingi zilitengenezwa kwa kumfikiria binadamu. Usipoieleza, itakuandikia kwa adabu zote kwamba kimelea chako kimerithi pande mbili, na asiyejua maisha ya kimelea atalipeleka jibu hilo kwa msimamizi bila wasiwasi.

"Kompyuta ndiyo inayofanya kazi."

Kompyuta hujibu kila inachoulizwa, hata swali la kipuuzi, na hujibu kwa sura ile ile ya kujiamini. Kazi ya mwanafunzi ni kuishuku.

Kulikuwa na jeni inayoitwa MARCH1 na nyingine SEPT1. Ukifungua orodha yenye majina hayo kwenye Excel, yanageuzwa tarehe, Machi mosi na Septemba mosi, bila hodi. Mwaka 2016 watafiti walipitia majedwali ya Excel yanayoambatanishwa na makala za kisayansi, wakakuta takriban makala moja kati ya tano zenye orodha za jeni ina kosa la aina hiyo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikasalimu amri: sasa ni MARCHF1 na SEPTIN1. Yaani jeni ndizo zilizohama kwanza. Excel ikaja kuweka njia ya kuzima tabia hiyo mwaka 2023. Faili za zamani bado zina majina ya zamani, na mimi nilishinda siku mbili nikitafuta jeni iliyopotea, kumbe ilikuwa juu kabisa ya jedwali, imevaa nguo za tarehe.

Halafu kuna ulevi wa orodha ndefu. Binadamu ana jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000. Zilinganishe zote kati ya wagonjwa na wazima kwa kipimo kilichozoeleka cha 0.05, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara tano katika mia, na jeni kama 1,000 zitajitokeza kuwa na tofauti hata kama tofauti haipo kabisa. Mwanafunzi mgeni huja mbio na orodha hiyo, macho yanang'aa. Tunamketisha, tunafanya masahihisho ya kitakwimu, zinabaki jeni sita. Siku nyingine haibaki hata moja, na chai inanyweka kimya kimya.

Na kabla ya yote hayo kuna jedwali la sampuli, linaloonyesha ipi ni ya nani, ambalo hakuna anayelipenda. Sisi huanza na ukaguzi ambao wageni huuona wa kitoto: je, aliyeandikwa "mwanamke" ni mwanamke? Jeni ya XIST huonekana kwa wingi kwa wanawake. RPS4Y1 iko kwenye kromosomu Y, ile ya wanaume. Mwaka juzi tulikuta mama mmoja ana RPS4Y1 tele na XIST karibu na sifuri, na mstari wa chini yake bwana mmoja ana kinyume chake. Namba za vichupa zilifuatana, 37 na 38. Mtu alichoka alasiri, lebo zikabadilishana.

"Bila mashine za mamilioni, mambo haya ni ya Wazungu."

GenBank, hifadhi ya mfuatano wa herufi za DNA, iko wazi kwa yeyote tangu 1982, na programu karibu zote tunazotumia ni za bure. Jenomu ya bakteria wa kifua kikuu, herufi milioni 4.4, laptopu ya kawaida inaimudu. Binadamu, herufi bilioni 3, ni shughuli nyingine: hapo unataka seva, na seva inataka umeme usiokatika. Jifunze amri ya kuendeleza upakuaji pale ulipokatikia kabla hujajifunza kingine chochote. Nasema kwa uchungu wa faili lililokufa saa tisa usiku likiwa asilimia 97.

Wapo pia wanaosema hii ni kazi ya vichwa vya hesabu peke yao. Margaret Dayhoff, mmoja wa waasisi wa fani hii, alianza na shahada ya hesabu lakini akawa mkemia, na zile herufi moja moja tunazoandikia asidi amino, matofali ya protini, ni kazi yake.

"Akili bandia imeshamaliza kila kitu."

Imefanya makubwa: programu ya AlphaFold imekisia maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, na nusu ya Nobel ya kemia ya mwaka 2024 ilikwenda huko. Lakini mwaka 2020 ilipotangazwa kwamba badiliko la R561H kwenye jeni ya kimelea cha malaria, linalohusishwa na usugu dhidi ya dawa ya malaria ya artemisinini, limeonekana Rwanda, kusoma herufi peke yake hakukutosha. Ilibidi vimelea vilivyowekewa badiliko hilo vipewe dawa maabara, ionekane kama vinapona. Vilipona.

"Ukikosa matokeo, umefeli."

Dada mmoja wa uzamili alilinganisha vimelea vya mikoa miwili. Grafu yake ya kwanza ilitoa mafungu mawili yaliyotengana safi, tukaanza kupongezana. Akaipaka rangi upya, safari hii kwa tarehe ambazo sampuli zilipita kwenye mashine. Mafungu yakawa yale yale: mkoa mmoja ulisomwa Februari, mwingine Agosti. Hapo huwezi kujua kilichotenganisha ni mkoa au ni mashine. Alikaa kimya hadi magharibi. Kesho yake akaomba sampuli kumi na mbili, sita za kila mkoa, zisomwe upya siku moja. Tofauti ikayeyuka.

Tasnifu ilipita. Sura ya tatu inaanza na grafu zile mbili zikiwa sambamba, ya kushoto rangi za mikoa, ya kulia rangi za miezi.