Kushuka na kupanda kwenye meli iliyozama: tunavyodhani na ilivyo

Bahari ya Tanga ikitulia msimu wa matlai, wazamiaji hutoka, na maneno yaleyale hutoka nao. Mengine yana chembe ya kweli. Mengi yanaumiza watu.

"Risasi nyingi, unashuka upesi, uko salama."

Risasi hapa ni vipande vya madini mazito anavyojifunga mzamiaji ili azame, na dhana hii ndiyo mama ya nyingine. Kilo 2 za ziada kiunoni hudai takriban lita 2 za hewa kwenye jaketi, ile fulana ya mzamiaji inayojazwa hewa, ili usiendelee kuzama, na hewa hiyo haitulii. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara 2 ya ule wa juu, mita 20 mara 3, mita 30 mara 4. Lita 2 za mita 30, usipozitoa, zinataka kuwa 8 ukifika juu. Lita 4 kati ya 6 zinazoongezeka huzaliwa kwenye mita 10 za mwisho, palepale unapotakiwa kutulia. Jaketi linavuta, unapanda kasi, hewa inavimba zaidi.

Kushuka nako kuna adha yake. Suti ya mpira hubanwa na kupoteza uwezo wa kuelea kadiri unavyozama, hivyo aliyejaza risasi huangukia sitaha ya meli kama gunia, akatibua tope, na pale hakuna anayeona kitu tena.

Pima hivi: mtungi wa hewa ukiwa na bari 50 hivi (bari ni kipimo cha mgandamizo) na jaketi likiwa tupu, vuta pumzi ya kawaida ukiwa juu ya maji. Maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame polepole. Kama umepimia na mtungi wa alumini wa lita 11 uliojaa, ongeza kilo 2, maana hewa utakayoitumia ina takriban uzito huo. Mtungi wa alumini ukikaribia kwisha huelea, wa chuma kwa kawaida hauelei. Ukibadilisha mtungi, usinakili hesabu ya jana.

Risasi zisirundikwe zote kiunoni. Kilo moja kila upande karibu na mtungi hukulaza sawa majini. Zinazobaki zifunguke kwa mkono wa kulia, na mkanda wake uvaliwe juu ya mikanda mingine yote, la sivyo siku ya kuutupa utanasa mapajani.

"Kamba ya nanga inatosha kushukia."

Nanga huburura. Boti nayo hupanda na mawimbi, na kamba hupanda nayo, ikikukwanyua mkono kila mara. Afadhali kamba ya peke yake, yenye uzito chini na boya juu, iliyotua kando ya meli. Wakati wa bamvua maji ya Tanga hupanda na kushuka yapata mita 3, kwa hiyo kamba iliyopimwa maji yamekupwa huzamisha boya yakijaa, na iliyopimwa yamejaa hulegea yakipwa, ikajiviringisha kwenye vyuma. Shuka maji yakiwa yamesimama. Kama ni lazima kushuka na mkondo, beba kamba fupi ya mita 2 yenye klipu, uitumie kujishikiza kwenye kamba kuu wakati wa kusimama mita 5 kabla ya kutoka juu.

"Ukitaka kupanda, bonyeza kitufe. Bari 50 zinakufikisha."

Kitufe cha kujaza si lifti. Unapanda kwa mapezi, mkono wa kushoto ukiwa umeinua bomba la mpira la jaketi kutoa hewa, usizidi mita 9 kwa dakika. Kutoka mita 30 hadi mita 5 ni karibu dakika 3, kisha dakika 3 za kusimama, kisha dakika moja kwa mita 5 za mwisho.

Sasa piga hesabu ya wawili wanaopumulia mtungi mmoja, kila mmoja lita 20 kwa dakika. Dakika 2 za kutuliza mambo kwenye mita 30, ambako kila pumzi hula hewa mara 4, huchukua lita 320, kupanda lita 330, kusimama 180, na kumalizia 50: jumla 880. Kwa mtungi wa lita 11 hizo ni bari 80. Na mtu aliyeogopa hupumua zaidi ya hapo.

"Vifaa vyote viwe vimening'inia, nivione."

Meli iliyozama ni mtego wa nyavu na mishipi iliyoachwa na wavuvi. Kinywa cha akiba kikae kifuani chini ya kidevu, geji ibanwe nyonga ya kushoto, bomba la kupumulia juu ya maji libaki botini. Kisu cha mguuni ni pambo: mguu ukishanaswa, huenda usiufikie. Kiweke kifuani au kwenye mkanda, mikono yote miwili ikifike. Kwa nailoni ya mshipi mkasi hukata vizuri zaidi. Epuka karabina za mlango wa kusukuma, kwa kuwa hudaka kamba zenyewe bila wewe kujua. Tumia klipu za kuvuta kwa kidole gumba, uzifunge kwa uzi unaokatika kwa kisu.

"Boya ni la dharura, na rili nalifunga kwenye jaketi nisilipoteze."

Boya hili ni mfuko unaojazwa hewa ukiwa chini ili upae, na rili ni gurudumu la uzi wake. Rili likikwama huku boya linapaa, wewe unapaa nalo. Lishike mkononi. Kwenye mita 20 theluthi moja ya hewa inatosha, kwani itajaza boya zima likifika juu. Uzi uzidi kina: kwa mita 25 chukua 40, mkondo huulaza.

"Meli ya kina kifupi haina neno."

Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, ikijifanya ya Denmark kwa jina Kronborg, ilikimbilia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa mizinga na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Ilizama kwenye maji machache kiasi kwamba Wajerumani waliopoa sehemu kubwa ya shehena. Hadithi kama hizi humfanya mtu adhani mita 10 ni bwawa. Lakini mita 10 hadi juu ndipo hewa huongezeka maradufu, na aliyezuia pumzi anaweza kupasua mapafu akipanda kutoka mita 1.5 tu.