Baiskeli haina baba mmoja

Kila mwanzo wa Agosti kitengo chetu cha miliki ubunifu hupewa meza kwenye banda la chuo, viwanja vya Nanenane vya Themi, huku Njiro, Arusha. Kazi yetu ni kuwaeleza watu hataza ni nini, yaani ile haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Wengi hutupita wakiwahi kuona ng'ombe wa maziwa, na siwalaumu, ng'ombe wale wanapendeza kuliko mabango yetu. Wanaosimama ni wanafunzi, maana walimu wao wamewaagiza warudi na kitu kwenye daftari. Mwaka mmoja mvulana wa darasa la sita aliniamkia, akafungua ukurasa aliokwisha kuupigia mistari, akauliza: "Mwalimu, nani alivumbua baiskeli?" Mbele ya swali alikuwa ameacha nafasi ya jina moja.

Nikamwambia hiyo nafasi haitoshi.

Mwaka 1817, katika mji wa Mannheim, Ujerumani, Karl Drais alitembeza barabarani chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani. Hakikuwa na pedali wala cheni. Mwendeshaji alikaa katikati akawa anasukuma ardhi kwa miguu, kama watoto wetu wanavyofanya na baiskeli za mbao za kushukia mteremkoni. Pedali zilikuja Paris miaka ya 1860, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia: wapo wanaompa sifa Pierre Michaux, mhunzi aliyeziuza, na wapo wanaompa Pierre Lallement, aliyehamia Marekani na kupata hataza huko mwaka 1866. Pedali zile zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, kwa hiyo aliyetaka mwendo zaidi hakuwa na njia ila kulikuza gurudumu. Wakalikuza mpaka mtu akawa anapanda kama anayepanda punda mrefu, na akikutana na jiwe anaruka juu ya usukani, kichwa mbele. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, akatoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na cheni inayovuta gurudumu la nyuma. Ukimpelekea Rover ile fundi wa pale soko la Kilombero leo, ataifungua cheni bila kukuuliza imetoka wapi.

Lakini matairi yake yalikuwa mpira mgumu mtupu. Barabara ya mawe ilimfikia mwendeshaji mpaka kwenye meno. Upepo ndani ya tairi uliletwa mwaka 1888 na John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, aliyekuwa anamhangaikia mwanawe na baiskeli yake ya magurudumu matatu. Jina lake mnalijua, limeandikwa ubavuni mwa matairi mpaka leo. Hataza yake ndiyo iliyokufa. Iligundulika kwamba Robert William Thomson wa Scotland alikwisha kuandikisha tairi la upepo mwaka 1845, miaka zaidi ya arobaini nyuma. Thomson alikusudia mikokoteni ya farasi, mpira ulikuwa ghali, na baiskeli iliyolihitaji tairi hilo ilikuwa bado haijatengenezwa. Likasahauliwa, Dunlop akaja kulibuni upya akidhani yeye ndiye wa kwanza.

Mvulana yule aliandika yote hayo pembeni mwa ukurasa kwa herufi ndogo. Mwenzake, aliyekuwa anasikiliza tu, akauliza: "Na katambuga je?"

Sikuwa na jina la kumpa, na nimelifikiria swali lake mara nyingi kuliko la mwenzake. Tairi likichakaa huku kwetu halifi. Mtu analikata kwa kisu kikali, anafuata mkunjo wake ili kisigino kikae vizuri, anapigilia mikanda ya mpira huohuo, na Mmasai anavaa kiatu kinachopita kwenye miiba ya mgunga asichomwe. Tairi la pikipiki linafaa zaidi kwa wengine kwa kuwa ni jembamba na mguu hauchoki. Hizo ni hesabu za uhandisi: unene, mkunjo, uzito, mshiko. Aliyezifanya kwanza hajulikani, na hakuna hata aliyegombea sifa.

Lugha yetu yenyewe inasaidia kulielewa jambo hili, kama tukiitumia kwa uangalifu. Kugundua ni kukibaini kitu kilichokuwapo. Kubuni ni kukitunga kisichokuwapo. Kuvumbua kunasimama katikati, na kwa lugha ya ofisi zetu mvumbuzi ndiye anayeomba hataza. Vitabu vingi vya maswali na majibu vinayachanganya yote matatu, vinasema Thomas Edison "aligundua" taa ya umeme, kana kwamba aliikuta imefichwa chini ya kitanda.

Na hiyo taa ina mkia mrefu vilevile. Joseph Swan wa Uingereza alikuwa na taa yake wakati mmoja na Edison. Edison alifanikisha ya kwake mwaka 1879 na akapata hataza Januari 1880, lakini alichowazidi wenzake ni mfumo mzima wa kuzalisha na kusambaza umeme mpaka majumbani. Lewis Latimer, Mmarekani mweusi ambaye wazazi wake walitoroka utumwani, alipata hataza mwaka 1882 kwa njia bora ya kutengeneza uzi wa kaboni unaowaka ndani ya taa. Latimer huyohuyo ndiye aliyechora michoro ya maombi ya hataza ya simu ya Alexander Graham Bell mwaka 1876. Kwenye maswali ya shule sijawahi kulikuta jina lake.

Mafundi baiskeli wakipita mezani kwetu, na hupita kweli wakishafunga vibanda vyao, huwa nawaeleza habari za Wilbur na Orville Wright. Hawa walikuwa mafundi na wauza baiskeli mjini Dayton, Marekani. Mwaka 1901 walitaka kupima nguvu ya upepo inayoinua bawa, hawakuwa na maabara, wakafunga gurudumu la tatu likiwa limelala juu ya usukani wa baiskeli, wakabandika juu yake vipande vya bawa, kisha wakaendesha kwa kasi wakitazama gurudumu litazungukia upande gani. Walipoona wanahitaji vipimo sahihi zaidi, wakatengeneza sanduku la kupuliza upepo. Injini yao iliundwa na fundi wao, Charlie Taylor, na nguvu yake ilipelekwa kwenye panga boi kwa cheni, kama kwenye baiskeli. Tarehe 17 Desemba 1903 waliruka mara nne. Mara ya kwanza walikaa hewani sekunde 12 tu, wakaenda mita zisizofika 40. Ndege kubwa zinazotua KIA, uwanja wa Kilimanjaro, leo zina mabawa marefu kuliko safari ile.

Fundi mmoja aliwahi kunisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza cheni ile waliipaka grisi au mafuta. Sijapata swali zuri kuliko hilo tangu nianze kazi hii.

Tukirudi nyumbani, Mtanzania ambaye jina lake limo kwenye vitabu vya fizikia duniani ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, huko Lushoto, na wanafunzi walikuwa wanajitengenezea aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Ilitakiwa maziwa yapoe ndipo yaingie kwenye friza. Mpemba aliogopa nafasi itaisha, akayaingiza ya moto. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza darasani aliambiwa amechanganyikiwa, na alipofika Mkwawa, Iringa, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia. Hakunyamaza. Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja kuhutubia shuleni, Mpemba alisimama akamuuliza swali lilelile, wenzake wakamcheka. Osborne alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala yao. Wakati huo Mpemba alikuwa Mweka, kwenye chuo cha wanyamapori pale juu ya Moshi, anasomea mambo ya porini.

Baadaye ilionekana kwamba hata Aristotle alikwisha kugusia jambo hilo, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu chanzo chake, wengine wanabishana kama lipo kabisa. Mimi hunikumbusha kitu kingine: Mpemba asingeweza kupewa hataza. Alichokipata ni ugunduzi, na sheria yetu ya hataza haitoi haki kwa ugunduzi, wala kwa nadharia ya kisayansi, wala kwa kanuni ya hesabu. Ungetengeneza friza inayotumia tabia hiyo ya maji, hapo tungekaa mezani tukazungumza.

Sasa pandeni nami kutoka Mweka mwende kwenye migomba. Mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachaga, wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliopanda Kilimanjaro katika karne ya 19 waliikuta inafanya kazi. Mfongo huanzia kwenye mto juu kabisa, unaufuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana, maana ukizidi maji yanakula ukingo na ukipungua yanasimama. Penye korongo huvushwa kwa magogo yaliyochongwa matundu. Hakukuwa na darubini ya kupimia usawa. Maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa kipimo: unachimba hatua chache, unayaachia, unatazama. Huko chini maji hugawanywa kwa zamu mpaka kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, na mfongo ukibomoka watu wanaitana msaragambo, kazi ya pamoja.

Kinachonivutia zaidi mimi mtu wa hataza ni hiki. Mfongo ulikuwa na mwenyewe, meni mfongo, na kwa desturi cheo hicho kilikaa kwenye ukoo wa yule aliyeuanzisha. Aliyetoka nje ya ukoo akitaka maji aliomba, akapewa zamu, akaja na jembe lake siku ya kazi. Mwanzilishi alikumbukwa, uzao wake ukapata sauti, na jamii nzima ikanufaika. Huo ni utaratibu wa kulinda ubunifu, ulioandikwa kwenye ardhi badala ya karatasi. Una kasoro zake, sitaki kuupamba: hauna kikomo cha muda, na ukoo usioelewana huweza kuuachia mfongo ukauke. Hataza angalau ina mwisho.

Mfano wa siku hizi hauko mbali. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha alitengeneza chujio la maji linalounganisha mchanga na vitu vya ukubwa wa nano, yaani vidogo visivyoonekana kwa macho, na mwaka 2015 likampatia tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi kutoka Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Mchanga wa kuchujia maji ya mji ulitumika Scotland tangu 1804. Yeye aliongeza kipande kinacholenga uchafu wa mahali husika, na anayeishi kwenye miteremko ya Meru anajua uchafu mmoja bila kuambiwa, akiyatazama meno ya jirani yenye madoa anapocheka: floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Kuna fundi wa Moshi ambaye hunijia akilini kila tunapopanga mabango. Alikuja kwenye maonesho na mashine ya kupukuchua mahindi inayoendeshwa kwa pedali, nzuri, nyepesi, mama mmoja anaibeba. Aliionesha kwa furaha siku nane mfululizo. Watu walipiga picha, wengine walileta futi kamba. Msimu uliofuata mashine inayofanana na yake ilikuwa inauzwa, imetengenezwa na mtu mwingine, na yeye akaja mezani kwetu akiwa na hasira na bahasha ya picha. Tulimsikiliza. Hatukuwa na la maana la kumfanyia.

Sharti la kwanza la hataza ni upya. Kitu ulichokwisha kukitandaza hadharani kinaweza kukukosesha hataza, hata kama aliyekitandaza ni wewe mwenyewe. La pili, kiwe na hatua ya kivumbuzi, yaani fundi mwenzako asikione kuwa jambo la wazi. La tatu, kiweze kutengenezwa au kutumika viwandani, na kilimo kimo humo. Maombi ya Tanzania Bara yanakwenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, na ukitaka nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja ipo ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu lenye makao Harare. Tarehe inayohesabika ni ya kuwasilisha maombi, si ya usiku uliolipata wazo. Bell na mshindani wake, Elisha Gray, walifikisha nyaraka zao siku moja, 14 Februari 1876, na watu wanabishana mpaka leo.

Kwa hiyo ukija Themi na mashine, njoo kwanza mezani kabla hujaiwasha. Tutakusaidia kuandika maelezo na madai yako. Tukikuta wazo lako halifikii hataza tutakuambia, na mara nyingi tutakuonesha alama ya biashara au usajili wa umbo vinavyokufaa zaidi.

Jambo moja huwashangaza wengi tukilisema. Hataza ya Tanzania haivuki mpaka wa Namanga, na ya Marekani haifiki Sakina, hapa Arusha. Iliyosajiliwa ng'ambo tu na haikusajiliwa hapa, au iliyokwisha muda, fundi wa hapa anaruhusiwa kuitengeneza na kuiuza hapahapa. Na sharti la kupewa hataza ni kueleza wazi kitu kinavyofanya kazi, pamoja na michoro. Maelfu kwa maelfu ya nyaraka hizo yamo kwenye hifadhi za mtandaoni, husomwa bure. Ile ya ndugu Wright ni namba 821,393, ya mwaka 1906. Simu ya kawaida inaifungua. Fundi wetu wa grisi nilimtumia, akanijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, anabishana na mchoro wa pili.