Hadithi ya kubuni nayo hufanyiwa utafiti

Wanafunzi wengi wa mwaka wa mwisho huchagua mradi wa uandishi wa kubuni wakiamini wamekwepa utafiti: wenzao wahangaike na hojaji, wao watasubiri msukumo waandike. Si kweli.

Chukua hadithi ya wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria. Mwandishi anaupeleka mtumbwi majini usiku wa mwezi mpevu, kwa kuwa mbalamwezi inapendeza. Lakini dagaa huvuliwa kwa taa, nao huifuata taa giza likiwa totoro. Mwezi ukiwaka, taa haivuti vizuri na wavuvi wengi hupumzika. Msomaji wa Mwanza atalibaini kosa hilo papo hapo. Kulirekebisha si kufuta sentensi moja: tarehe zinahama, mhusika aliyemtambua mwenzake kwa mbali sasa haoni kitu, na deni la kulipwa asubuhi linakosa pesa. (Hapo mara nyingi hadithi hunoga zaidi.)

Kwa hiyo nenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa jijini Mwanza, kabla ya ukurasa wa kwanza. Uliza, sikiliza, andika maneno kama yanavyosemwa. Kila rasimu iwe na faili lake lenye tarehe; ukidaiwa maelezo ya jinsi kazi ilivyoundwa, utayatoa humo badala ya kuyabuni. Maliza rasimu ya kwanza wiki sita kabla ya kukabidhi. Iache siku saba, kisha isome yote kwa sauti. Mazungumzo yanayokukwama mdomoni ndiyo ya kuandika upya.