Shangazi hakupimwa macho, alichekechwa

Juzi shangazi yangu alirudi kutoka kliniki ya kisukari akiwa na furaha tele. "Nimepimwa macho na kompyuta, mazima kabisa. Hata miwani sihitaji." Dakika mbili baadaye akanipa simu yake nimsomee meseji.

Neno linalomchanganya, yeye na watangazaji kadhaa wa redio, ni kupima. Programu ya akili mnemba ilitazama picha ya retina, kule nyuma ya jicho, ikisaka vidoa vya damu na mishipa inayovuja kwa sababu ya sukari. Ikiviona, inasema nenda kwa daktari. Basi. Habari ya miwani haikuulizwa.

Kupima ni kutoa kipimo. Pima yenyewe ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, na mabaharia wetu huhesabu kina cha maji kwa pima. Mtu wa miwani anapima kweli: unasoma herufi ukutani, unaondoka na namba. Shangazi hakupewa namba yoyote. Alichekechwa. Chekeche halipimi unga. Hupitisha laini, hubakiza chenga, na mwenye jiko ndiye anayeamua chenga zitwangwe tena au wapewe kuku. Hospitalini huitwa uchunguzi wa awali, jina zuri tu, ila "awali" huanguka njiani kila mara. Hubaki "uchunguzi", huwa "vipimo", mwisho unasikia kompyuta inatibu macho.

Ninakereka kwa sababu suala la nani anapata matibabu limo kwenye zile chenga, yaani wale wanaoambiwa waende kwa daktari. Nchini Rwanda, utafiti uliochapishwa 2022 uliwafuatilia wagonjwa wa kisukari 275 waliohitaji rufaa. Waliopewa majibu ya mashine papo hapo, asilimia 51.5 walifika kwa daktari wa macho. Waliosubiri majibu ya watu wanaosoma picha hizo, asilimia 39.6. Mashine imesaidia, sikatai. Lakini hata kwa hao wa kwanza, karibu nusu hawakufika. Kwa hiyo nikisikia watu wa kijiji fulani "wamepata huduma ya macho" kwa akili mnemba, huuliza wangapi walifika kwenye kiti cha leza, pale mishipa inayovuja inapotibiwa.

Shangazi nimemwambia polepole: umechekechwa, umepita, na mwakani urudi tena. Jumamosi nakupeleka ukapimwe macho.