Maombi ya Kuingia kwenye Mifumo ya Ofisi Ukiwa Mbali: Chanzo cha Mvutano na Namna ya Kuupunguza

Katika ofisi nyingi za Arusha, kuanzia kampuni za utalii za Njiro na Sakina hadi taasisi zilizopanga katika majengo ya AICC, lipo ombi moja ambalo halikosi kuzua maneno kila linapofika kwenye kitengo cha TEHAMA. Ni ombi la mfanyakazi anayetaka kuingia kwenye kompyuta au mfumo wa ofisi akiwa nyumbani, safarini au kwenye tawi la mbali. Mara nyingi hutumwa kwa WhatsApp, jioni, kwa maneno machache: "Mkuu, naomba unifungulie niingie kwenye mfumo nikiwa nyumbani, ni dharura." Jibu huja kesho yake, nalo ni fupi zaidi: "Haiwezekani, sera hairuhusu." Kuanzia hapo mfanyakazi huamini kwamba vijana wa IT wanabania tu, na vijana wa IT huamini kwamba mfanyakazi hajali usalama. Makala hii inaeleza kile ambacho kila upande unakiona na mwenzake hakioni, na kwa nini neno "haiwezekani" likitolewa peke yake halizuii chochote.

Tuanze na mwombaji, kwa sababu mahitaji yake kwa kawaida ni ya kweli. Mteja wa safari aliyeko California, anapopiga simu saa tatu asubuhi kwa saa za kwao katika miezi ya kiangazi chao, hapa Arusha ni saa moja usiku, wakati ofisi imeshafungwa na mlinzi ameshaingia zamu. Msimu wa watalii wengi, kati ya Juni na Oktoba, unaangukia humo humo kwa sehemu kubwa, kwa hiyo afisa wa kupokea maombi ya safari hafanyi kazi usiku kwa kupenda. Mhasibu naye ana tarehe zake: makato ya PAYE, yaani kodi ya mishahara, hutakiwa kuwasilishwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya VAT kufikia tarehe 20. Mtu wa nje anaweza kusema kwamba mfumo wa mamlaka ya mapato, TRA, uko mtandaoni na unafunguka popote, jambo ambalo ni kweli, lakini hesabu zinazotakiwa kujazwa humo ziko kwenye programu ya uhasibu iliyofungwa kwenye seva ya ofisini, na hapo ndipo mhasibu anapokwama. Yupo pia afisa aliyetumwa Karatu au Loliondo kwa wiki nzima, ambaye taarifa zake zote ameziacha mezani mjini.

Sasa tutazame upande wa pili. Kwa mwombaji, "nifungulie" ni kama kuazimwa ufunguo wa mlango mmoja kwa jioni moja. Kwa mtaalamu wa mifumo, huduma ikifunguliwa moja kwa moja kwenye intaneti haimfungukii mwombaji pekee, inaufungukia ulimwengu wote. Huduma ya Windows inayomwezesha mtu kuona na kutumia kompyuta iliyo mbali hupokea wageni kupitia lango lenye namba 3389, na namba hiyo inajulikana na kila mdukuzi. Zipo programu zinazozunguka kwenye intaneti usiku na mchana zikitafuta lango hilo na kujaribu majina na nywila rahisi, bila mtu kukaa mbele ya kompyuta na bila kujali kama anwani iliyopatikana ni ya benki ya London au ya ofisi ya watu sita pale Kijenge. Kwa hiyo ile hoja ya "sisi ni wadogo, nani atatutafuta" haina nguvu, maana hakuna anayetafuta kwa jina. Mwezi Mei 2019 Microsoft ilitoa marekebisho ya kasoro iliyopewa jina la BlueKeep, iliyokuwa ndani ya huduma hiyo hiyo katika matoleo ya zamani ya Windows, na iliyomwezesha mvamizi kuingia bila nywila yoyote. Uzito wa kasoro hiyo ulionekana kwa jambo moja: kampuni ilitoa marekebisho hata kwa Windows XP, toleo ambalo ilikuwa imeacha kulihudumia tangu 2014.

Mdukuzi akishaingia mara nyingi hajitangazi. Huanza kwa kuchunguza ni kompyuta gani inaunganika na seva, nakala za akiba zinahifadhiwa wapi na nani ana mamlaka makubwa zaidi, kisha huzifuta nakala hizo, na ndipo huyafunga mafaili yote na kuacha ujumbe wa kudai kikombozi. Mfanyakazi husema kompyuta yake haina kitu cha maana. Huenda ni kweli, lakini mvamizi hakuifuata kompyuta hiyo, ameitumia kupita.

Wengi hudhani kwamba VPN, yaani njia iliyosimbwa ya kufikia mtandao wa ofisi, inamaliza tatizo hili lote. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani, inayosafirisha mafuta kwa bomba, ililazimika kusimamisha bomba lake kwa siku kadhaa baada ya wadukuzi kuingia kupitia akaunti ya zamani ya VPN ambayo haikupaswa kuwa inatumika tena, na iliyolindwa kwa nywila peke yake. Kampuni ililipa kikombozi cha takriban dola milioni 4.4. Februari 2024 yalitokea ya namna hiyo kwa Change Healthcare, kampuni ya kuchakata malipo ya matibabu huko huko Marekani: nywila zilizoibwa, njia ya kuingilia kwa mbali, na hakuna uhakiki wa hatua ya pili, yaani uthibitisho wa ziada baada ya nywila. Kampuni hizi ni kubwa kuliko chochote tulicho nacho mjini hapa, lakini makosa yenyewe, akaunti iliyosahaulika na hatua ya pili iliyokosekana, yanaweza kufanyika katika ofisi yoyote yenye kompyuta kumi.

Yote haya yanahalalisha masharti. Hayahalalishi katazo lisilo na njia mbadala, na hapa ni lazima kuwa wawazi kwamba vitengo vingi vya TEHAMA hukosea. Mfanyakazi aliyeambiwa "haiwezekani" bado ana mteja anayesubiri, na atafanya mojawapo ya mambo manne. Atajitumia mafaili kwenye barua pepe yake binafsi. Au atayabeba kwenye flashi. Au atampigia mwenzake aliyebaki ofisini: "Dada, niingilie tu, nywila yangu nakutumia sasa hivi." Au, na hili ndilo la hatari zaidi, ataweka mwenyewe programu ya kuongoza kompyuta kwa mbali, kama AnyDesk au TeamViewer, ataipa nywila ya kudumu, na ataiacha kompyuta ikiwaka usiku kucha ikiwa na kikaratasi kilichoandikwa "Usizime". Kazi itafanyika, mteja ataridhika, na kitengo cha TEHAMA kitaendelea kuamini kwamba katika ofisi hiyo hakuna anayeingia kwa mbali.

Programu hizo si mbaya kwa asili, na zina matumizi halali. Tatizo ni kutokujulikana kwake. Mapema mwezi Februari 2024 kampuni ya AnyDesk ilitangaza kwamba mifumo yake yenyewe ilikuwa imevamiwa, ikabatilisha nywila za tovuti ya wateja wake na kuwataka watumiaji kuweka toleo jipya. Ofisi iliyokuwa imeiruhusu programu hiyo kwa maandishi iliweza kufungua orodha yake na kuzishughulikia kompyuta husika siku hiyo hiyo. Ofisi iliyokuwa imeipiga marufuku haikuwa na pa kuanzia, kwa kuwa kwenye kumbukumbu zake haikuwapo. Kuna na ubaya mwingine: matapeli hupiga simu wakijifanya watu wa benki au mafundi wa kompyuta, na humtaka mtu aweke programu za aina hii hii. Mfanyakazi aliyezoea kuiweka kwa siri hana sababu ya kushtuka.

Njia ya kupunguza mvutano huanza na namna ombi linavyoandikwa. Mwombaji asiombe chombo, aeleze kazi. Mhasibu anayeandika "naomba VPN" amemnyima mtaalamu nafasi ya kufikiri. Anayeandika "nahitaji kuona daftari la mauzo na kuchapisha ripoti ya mwezi, usiku wa tarehe 18 na 19, kwa laptopu ya ofisi" amemrahisishia, kwa sababu yapo majibu ya ngazi tofauti. Anayehitaji barua pepe na nyaraka zilizohifadhiwa kwenye huduma ya mtandaoni hahitaji kuingia kwenye mtandao wa ofisi hata kidogo; anahitaji uhakiki wa hatua mbili tu. Anayehitaji mfumo mmoja apewe mfumo huo mmoja kupitia njia inayolindwa. Anayehitaji programu iliyo kwenye kompyuta yake ya mezani apewe skrini yake, yaani aione na kuitumia akiwa mbali, akiwa ameshapita kwenye VPN na hatua ya pili ya uhakiki. Anayehitaji mtandao mzima ni nadra, na kwa kawaida ni mtu wa TEHAMA mwenyewe.

Tofauti ya kupewa skrini na kupewa mafaili inastahili maelezo, kwa kuwa malalamiko mengi ya "VPN yenu mbovu" yanatoka hapo. Mtu aliyeko Usa River, anayetumia bando la simu, akifungua faili kubwa la Excel lililo kwenye seva ya mjini, faili hilo hulazimika kusafiri lote hadi kwake, na akihifadhi husafiri tena kurudi. Mtandao ukiyumba katikati, faili linaweza kuharibika. Akipewa skrini, faili halitoki ofisini. Kinachosafiri ni picha ya skrini na miguso ya kibodi, ambavyo ni vyepesi zaidi, na mtandao ukikatika kazi yake hubaki kama alivyoiacha. Mtaalamu akilieleza hili kwa dakika mbili huokoa ugomvi wa miezi.

Ombi lipitie kwa mkuu wa idara, na hili si urasimu. Kitengo cha TEHAMA hakijui ni nani anayelazimika kufanya kazi usiku na nani hapaswi, na kinapoamua jambo hilo chenyewe ndipo kinapoonekana kina upendeleo. Mkuu wa idara aseme kama kazi inahitajika. TEHAMA iseme ni njia gani salama ya kuifanya. Nayo ijibu kwa wakati uliotangazwa, siku moja ya kazi kwa maombi ya kawaida si muda mwingi kudai, na inapokataa iandike sababu kwa lugha anayoielewa mwombaji pamoja na kile kinachowezekana badala yake.

Kuhusu vifaa, laptopu ya nyumbani ambayo watoto hupakulia michezo, au yenye Windows isiyo na leseni na isiyopokea masasisho, haifai kuunganishwa kwenye mtandao wa ofisi hata mwenye nayo awe mwaminifu namna gani. Kuhusu hatua ya pili, namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini laini inaweza kutekwa na matapeli, na kwa anayesafiri nje ya nchi ujumbe unaweza usifike. Programu ya simu inayotengeneza namba hizo hufanya kazi hata pasipo mtandao. Isajiliwe kabla ya safari, si ukiwa kwenye foleni pale uwanja wa ndege wa KIA.

Jambo gumu kuliko yote ni wakubwa. Mara nyingi anayeomba kuondolewa hatua ya pili kwa sababu "inamsumbua" ndiye mwenye akaunti inayofungua kila kitu, na kijana wa TEHAMA anayeanza mazungumzo kwa "shikamoo mzee" hana nafasi nzuri ya kumwambia mkurugenzi hapana. Sioni dawa ya hili ndani ya kitengo cha TEHAMA. Sera isainiwe na mkurugenzi, itamke wazi kwamba haina msamaha kwa cheo, na utekelezaji uanze kwenye simu yake.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kuwa kosa la jinai, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu kuziwekea ulinzi. Nakala za pasipoti za watalii zilizotumwa kwenye barua pepe binafsi ya mfanyakazi ni suala la sheria hiyo, hata kama nia ilikuwa njema. Aidha, mwezi Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kwa shughuli halali kuzisajili, na wajibu huo ni wa ofisi, si wa kumwachia kila mfanyakazi ajitafutie.

Hata ruhusa iliyotolewa vizuri haihakikishi kwamba mtu ataingia kila siku. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilidhoofisha intaneti nchini kote, na umeme ukikatika usiku kompyuta ya mezani iliyozimika haifikiki hadi mtu aiwashe. Lawama za siku kama hizo huangukia TEHAMA isivyo haki, na ofisi yenye kazi za usiku inapaswa kuwa na namna nyingine ya kuzifanya.

Kinachobaki ni kufunga ruhusa zisizohitajika tena. Mtumishi anapohamishwa kutoka Arusha kwenda Moshi, ruhusa zake za zamani hazipaswi kuhama naye kimya kimya, na nakala ya barua ya uhamisho, ya likizo ndefu au ya kuacha kazi inatakiwa kufika TEHAMA siku inapotolewa. Kila baada ya miezi mitatu orodha ya wanaoingia kwa mbali ipelekwe kwa wakuu wa idara waipitie jina kwa jina. Jina ambalo mkuu wa idara hawezi kulitolea maelezo lifungwe siku hiyo hiyo, na mwenye nalo akijitokeza aandike ombi upya.