SS Cygni haijafa, na wala haikulipuka

Kila SS Cygni, nyota ya kundinyota la Cygnus, inapong'aa naletewa ujumbe uleule: nyota imelipuka, imekufa. Jamani! Louisa Wells aliigundua mwaka 1896 kwenye picha za anga za Chuo cha Harvard, na tangu hapo imeng'aa na kufifia mamia ya mara. Nyota gani hiyo inayokufa kila baada ya wiki saba au nane?

Supanova huivunja nyota yenyewe. Nova, kama ile ya nyota T Coronae Borealis ya 1866 na 1946 ambayo tunaisubiri tena, ni haidrojeni iliyorundikana juu ya kibete cheupe (kiini kidogo, kizito, kilichobaki baada ya nyota kuisha) kisha ikawaka kinyuklia. Kibete hubaki salama. Hayo mawili vitabu vinayaeleza vizuri, siyarudii.

SS Cygni ni nova kibete, na kwenye nova kibete hakuna nyuklia yoyote inayowaka. Kinachong'aa ni diski, yaani sahani ya gesi inayokizunguka kibete. Nyota mbili zinazungukana kila baada ya saa 6.6, moja inamwaga gesi, nyingine, yaani kibete cheupe, inaivuta. Gesi haidondoki moja kwa moja, inazunguka kwanza. Diski ikiwa baridi, gesi inayoingia ni nyingi kuliko inayofika kwenye kibete, kwa hiyo inarundikana na kupata joto. Ikifika nyuzi elfu kadhaa, haidrojeni inaanza kupoteza elektroni, joto linashindwa kutoka, mnato (msuguano wa gesi na gesi) unapanda, na mnato ukipanda joto linazidi. Ndani ya siku moja au mbili nyota imetoka magnitudo 12 hadi 8 (namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi), mwanga mara 40. Kisha diski inapungua, inapoa, na kazi inaanza upya. Nguvu yote hiyo imetokana na gesi kushuka tu.

Sasa wanaonijibu "lakini hiyo ni nadharia" nawaheshimu zaidi, maana ilinusurika kwa shida. Mwaka 1999 darubini ya Hubble iliipa SS Cygni umbali wa miaka ya nuru kama 540. Kwa umbali huo ingekuwa inapokea gesi nyingi kiasi kwamba diski isingepoa kabisa, na isingefifia. Hesabu ilikataa. Mwaka 2013 darubini za redio zikapata takriban 370, na nadharia ikapumua. Darubini hizo zilihitaji kuipata ikiwa imeng'aa, na waliotoa taarifa ni watazamaji wa AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwanga, wengi wao watu wa kawaida wenye darubini zao nyumbani.

Bado mnato unanisumbua. Kwenye diski ya moto tunasema unatokana na nguvu ya sumaku iliyomo ndani ya gesi. Kwenye diski baridi elektroni huru ni chache mno, sumaku haina cha kushika, na hata hivyo gesi inasogea. Kwenye hesabu tunauwekea mnato wa diski baridi namba ndogo zaidi, tunairekebisha mpaka mchoro ufanane na mbingu. Mimi siiti hiyo maelezo.

Ukitaka kuitazama kutoka Tanzania au Kenya, Septemba na Oktoba jioni iko upande wa kaskazini. Ilinganishe na nyota mbili za jirani, moja inayoizidi kwa mwanga na moja inayozidiwa, kisha andika saa kwa UTC, saa ya kimataifa. Usipoiona, andika nyota hafifu kuliko zote uliyoiona karibu yake. Usiku wa kutoiona nao ni data, na ndio watu wengi wanaoutupa.